NANI ANADAIWA?



Juma lililopita mwalimu wa Kiingereza alirudisha makaye yetu. Karibu nusu ya darasa tuliandika: "Borrow me your pen." Akauliza kosa liko wapi. Tukanyamaza.

Kosa linatoka katika Kiswahili chetu. Tunasema "Niazime biki," tena tunasema "Nimeazima biki kwake." Neno ni moja kwa mwenye kutoa na kwa mwenye kupokea. Wachina wanaojifunza Kiingereza wanaanguka pahali hapo hapo, kwa sababu neno lao "jie" linabeba maana zote mbili. Lakini Kiingereza kinatenga, kama vile Kifaransa kinavyotenga emprunter na prêter. Mwenye kupokea anasema: "I borrow a pen from my friend." Mwenye kutoa anasema: "I lend a pen to my friend."

Wengine watasema: ni kosa dogo, mutu anaelewa tu. Mimi nakataa. Kwanza, tunapoteza pointi bure katika mtihani wa Serikali. Tena tangu 2022 inchi yetu iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kiingereza ni luga ya kazi mule.

Pili, neno "azima" linafunika watu wawili, na ni vyepesi kusahau nani anadaiwa. Kamusi ya darasa letu ilipotea. Tuliwashitaki wadogo zetu wa mwaka wa kwanza, na mimi kapita niliwagombeza kuliko wote. Kisha nikaikuta nyumbani, chini ya kitanda changu. Niliiazima mimi mwenyewe! Nimekwisha kuwaomba msamaha mbele ya mustari, na ninawaomba tena hapa.

Kwa hiyo natoa shauri. Kila darasa liweke kaye moja mezani, ifungwe kwa kamba. Tuandike: nani ametoa, nani amepokea, siku gani itarudi. Hata kapita aandike jina lake.

Zaburi ya 37 inamuhesabu mwenye kukopa asiyelipa pamoja na waovu. Haikusema kama ni deni kubwa ao biki tu.

Basi ndugu yangu, dada yangu, fungua mufuko wako leo. Mule ndani, kitu cha mwenzako ni ngapi?

Kapita wa wanafunzi,
mwaka wa mwisho