Vita vya Bei za Mashine za Gemu: Mfangano Yapata Nini?

Tarehe 21 Agosti 2025 kampuni ya Sony iliongeza dola 50 juu ya bei ya mashine yake ya gemu, PlayStation 5, katika maduka ya Marekani. Mashine iliyotoka mwaka 2020 kwa dola 499 ikawa dola 549. Microsoft ilikwisha kutangulia mwezi wa Mei mwaka huo huo, na mwezi wa Oktoba ikapandisha tena, hata ile mashine yake ndogo, Xbox Series S, iliyoanza kwa dola 299, ikafika karibu dola 400. Msomaji ataniuliza, haya yatuhusu nini sisi watu wa pwani, ambao wengi wetu hatujapata kuinunua mashine hiyo ikiwa mpya? Yatuhusu, nami ili nieleze itanibidi nikupeleke mbali na bahari, hadi kisiwa cha Mfangano katika Ziwa Victoria. Huko ndiko nilikoona wazi zaidi jinsi ugomvi wa matajiri wa Japani na Marekani unavyomfikia kijana wetu, na kwa njia gani.

Lakini kwanza tuutazame ugomvi wenyewe. Mwezi wa Mei 1995, katika maonyesho ya biashara mjini Los Angeles, kampuni ya Sega ilitangaza kuwa mashine yake mpya, Saturn, itauzwa dola 399. Baadaye akapanda jukwaani mtu wa Sony, akataja namba moja tu, 299, akashuka. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mwaka uliofuata PlayStation ikashuka hadi dola 199, na mwaka 1997 hadi dola 149. Sega ilihangaika, ikatoa mashine nyingine iitwayo Dreamcast, na mapema mwaka 2001 ikaiteremsha hadi chini ya dola 100 huku ikitangaza kwamba yaacha kabisa kazi ya kutengeneza mashine. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei 2002, Sony ilishusha PlayStation 2 kutoka dola 299 hadi 199. Microsoft ikafuata upesi kwa bei hiyo hiyo, na Nintendo ikashusha yake hadi dola 149. Yote hayo katika mwezi mmoja!

Mtu aweza kushangaa, mfanyabiashara gani huyu ashushaye bei mpaka chini ya gharama yake? Watu wa Mfangano hawashangai, kwa kuwa wanaijua biashara hiyo vizuri kupita maprofesa. Katika fuo za ziwa hilo, mara nyingi tajiri wa samaki humkopesha mvuvi nyavu, pengine na mashine ya ngalawa, kwa masharti mepesi. Mvuvi hufurahi. Kisha kila mbuta atakayemvua sharti amuuzie tajiri yule yule, kwa bei aitakayo tajiri. Nyavu zilikuwa rahisi. Samaki ndio walipao deni. Hata kwetu, kuanzia Vanga hadi Kiunga, sidhani kama yuko mvuvi asiyemjua tajiri wa namna hiyo. Basi mashine ya gemu ni nyavu, na gemu zenyewe ndizo samaki, kwa sababu katika kila gemu inayouzwa mwenye mashine huchukua fungu lake. Mwaka 2021, katika kesi baina ya kampuni za Epic na Apple huko California, ofisa wa Microsoft aliiambia mahakama kwamba kampuni yake haijapata kamwe faida kwa kuuza mashine yenyewe ya Xbox.

Sasa twende Mfangano. Kisiwa hiki kimo katika Kaunti ya Homa Bay, nacho ni nyumbani kwa Wasuba, ingawa Kijaluo ndicho usikiacho zaidi njiani. Kutoka Mbita huvuka kwa boti, na mji mkubwa, ikiwa mji ni neno la kufaa, ni Sena. Wageni wengi huenda kutazama michoro ya kale iliyo kwenye mapango. Mimi nilikwenda kwa shughuli nyingine isiyokuwa na maana hapa, na jioni kelele za vijana zikanipeleka kwenye chumba cha mabati kisicho na jina wala bango.

Ndani mlikuwa na televisheni mbili, PlayStation 2 moja, PlayStation 3 moja, mabenchi matatu na vijana wasiopungua kumi na watano. Mchezo mmoja wa mpira ni shilingi 10 kwa mashine kuukuu na 20 kwa ile nyingine. Mwenye chumba, mtu wa makamo aliyekuwa mvuvi, aliniambia kuwa kipato chake chafuata mwezi wa angani. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, wavuvi hubaki nchi kavu, na chumba hujaa mpaka usiku wa manane. Nikamwambia kwetu Mombasa vyumba kama hivi hujaa usiku wa Ramadhani, baada ya tarawehe mpaka wakati wa daku. Akacheka, akasema kumbe sote tunautegemea mwezi.

Tazama hesabu yake. Hiyo PlayStation 3 aliinunua Kisumu ikiwa imekwisha kutumika, kwa shilingi 12,000. Kwa shilingi 20, michezo 600 yatosha kurudisha fedha zake, ukiacha umeme. Mashine hiyo ilipoingia Marekani mwaka 2006 ile kubwa yake ilikuwa dola 599. Ushindani ukaisukuma hadi dola 299 mwaka 2009. Wakati huo wote hapakuwa na mtu wa Sena aliyeifikiria. Aliifikiria ilipokuwa imechokwa na mwenyewe wa kwanza, ikaingia nchini ndani ya kontena au katika begi la jamaa atokaye Dubai, ikapita Mombasa au barabara ya Luthuli kule Nairobi, ikafika Kisumu, ndipo ikavuka maji. Bei mpya ya PlayStation 5 ya mwaka 2025, dola 549, ni kama shilingi 71,000 za Kenya kabla ya ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Kwa shilingi 20 hiyo ni michezo zaidi ya 3,500 ili kulipia mashine peke yake!

Kwa hiyo vita vya bei vilitufaa, ila havikutufaa dukani. Vilitufaa kwa kuwa kila bei iliposhushwa, mamilioni ya watu huko ng'ambo walinunua, na wakishanunua hufika siku wakachoka, na kilichowachosha kikawa riziki ya mwingine. PlayStation 2 iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na kiwanda hakikuacha kuitengeneza mpaka ilipokaribia mwaka 2013, miaka kumi na miwili na zaidi tangu izaliwe. Ndiyo maana hata leo fundi wa Homa Bay aweza kupata lenzi yake, na mtoto wa Mfangano aijua kama ajuavyo kasia.

Kuna jambo ambalo si haki kulificha. Gemu nyingi nilizoziona mle ndani ni diski za kunakiliwa, zilizoandikwa majina kwa kalamu ya wino mzito. Hapa nyavu zimechukuliwa na samaki wameuzwa pengine. Wako wasemao kwamba tajiri wa Tokyo hadhuriki kwa shilingi kumi za mvuvi. Msomaji Mwislamu ajue kwamba Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lilipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988, liliamua kuwa haki ya mtungaji na mvumbuzi ni mali inayolindwa na sharia. Hilo latuhusu sisi wa Mombasa kuliko watu wa Mfangano, ambao wengi wao ni Wakristo, na diski za namna hiyo kwetu pia zimejaa tele.

La pili ni ile desturi ya kwamba mshindi hubaki na aliyeshindwa ndiye alipaye fedha za wote wawili. Mashekhe wapo wanaoiita kamari, kwa kuwa kila mmoja huketi akitumaini mwenzake atamlipia. Mwenye chumba cha Sena, asiyejua lolote la fiqhi, ameipiga marufuku kwa sababu yake mwenyewe, nayo ni kwamba ilileta ngumi. Kila mtu hulipa shilingi zake kabla ya kuishika padi, basi.

Nilipomwuliza kama ana mshindani alinieleza hadithi ambayo ningeweza kuitia moja kwa moja katika historia ya Sega. Alikuwapo mwenzake karibu na gati. Wote wawili walikuwa wakitoza 20. Yule akashusha hadi 10, huyu akamfuata; yule akashusha hadi 5. Kwa shilingi 5 huwezi kulipia umeme, na Mfangano, kama Faza kule kwetu Lamu, ni mahali ambapo gridi ya taifa haikufika, serikali ikaweka mtambo wa dizeli. Vijana walistarehe kwa miezi mitatu hivi. Kisha yule wa gati akafunga, akauza televisheni, akarudi ziwani. Aliyebaki alipoona yuko peke yake akairudisha ile mashine bora kwenye 20. Hakuona haya kuniambia, na sioni kwa nini angeona.

Huko juu nako yaelekea mambo ni hayo hayo. Sony ilipopandisha bei ilitaja hali ngumu ya uchumi, na wachunguzi wakataja ushuru mpya wa serikali ya Marekani. Sikatai. Lakini mwaka 2002 mtu akipandisha, jirani yake angemla. Tangu mwaka 2024 Microsoft imeanza kuziuza baadhi ya gemu zake kwa wenye PlayStation, na muuzaji anayeuza kwenye duka la mpinzani wake hana tena haja kubwa ya kupigana naye kwa bei ya mlango.

Hata hivyo kupanda kwa bei si ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Bei iliyopanda huweza kushuka. Wasiwasi wangu ni juu ya tundu la diski.

Mwezi wa Juni 2013 Microsoft ilikuwa imetangaza kwamba mashine yake mpya, Xbox One, itadai kuunganishwa na intaneti angalau mara moja kila siku, na kwamba gemu iliyotumika haitapita ovyo kutoka mkono hadi mkono. Sony ikajibu kwa filamu fupi mno: mtu mmoja anampa mwenzake diski, mwenzake anaipokea, yamekwisha. Na PlayStation 4 ikawekwa kwa dola 399 dhidi ya 499 za mpinzani. Watu walifanya ghasia, na kabla mwezi haujaisha Microsoft ikayafuta masharti yale. Mwaka uliofuata ikashusha na bei. Huo, kwa maoni yangu, ndio ushindi mkubwa ambao mashindano haya yamewahi kumpa mtu wa Mfangano, ijapokuwa hakuna aliyemtaja.

Lakini kilichokataliwa kwa amri kimerudi kwa bei. Mwaka 2020 Xbox Series S ilitoka bila tundu la diski, kwa dola 299, na PlayStation 5 isiyo na tundu kwa dola 399, yaani dola 100 chini ya ile yenye tundu. Mwezi wa Novemba 2024 ikaja PlayStation 5 Pro ya dola 699, nayo haina tundu. Ukilitaka walinunua mbali. Mnunuzi wa London huona amepata nafuu. Gemu huzishusha kwa intaneti, makumi ya gigabaiti kwa gemu moja, na hubaki zimefungwa kwa jina lake. Akichoka aweza kuuza sanduku, lakini gemu hawezi kumwuzia mtu wala kumpa nduguye. Sanduku hilo likifika Kisumu baada ya miaka saba litakuwa tupu, nalo litataka intaneti ya nguvu na malipo ya nje ili lijae.

Yupo atakayesema na iwe hivyo, vijana warudi kwenye ajua, bao la Wajaluo, ambalo hutaka mashimo ardhini na kokoto tu. Nimewaona wazee wakilicheza chini ya mwembe pale Sena, na ni mchezo wa akili kama bao letu. Wazee hao hao, jua lilipotua, wawili kati yao walikuja kusimama mlangoni mwa kile chumba cha mabati wakitazama Arsenal ya kioo ikifungwa.

Mwenye chumba alikuwa amesikia kwa mpwa wake kwamba ile Xbox ndogo yapatikana kwa bei nzuri kuliko zote za siku hizi. Akaniuliza, "Jaduong', hiyo itanifaa kwa kazi?" Nikamweleza kwamba haina pa kutia diski. Akauliza gemu huingilia wapi. Nikamwonyesha simu yangu. Akaitazama, kisha akataka kujua PlayStation 4 iliyotumika ni kiasi gani Mombasa, nami nikamwahidi kuulizia.