Si Kila "Well" Ni Vizuri



Wiki hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya maneno madogo ya Kiingereza ambayo aghalabu twayapita bila kuyatazama. Jirani yetu mmoja alipokea barua ya hospitali iliyosema: "You may well need an operation." Neno "may" alilijua kuwa ni huenda, na "well" kuwa ni vizuri. Akafahamu kwamba huenda mambo yake yakawa mazuri, akamshukuru Mola, akaikunja barua na kuitia kabatini. Kumbe barua ilisema kwamba yaelekea sana atahitaji kupasuliwa. Ilipita miezi miwili kabla bintiye hajaiona na kuisoma.

Hatumlaumu. "Well" mahali pengi ni vizuri, lakini likifuata "may", "might" au "could" huweza kuiacha maana hiyo na kuipa nguvu ile huenda. "It may rain" ni huenda mvua ikanyesha. "It may well rain" ni yaelekea sana itanyesha, basi na tuanue nguo mapema. Tena, likitangulizwa "as", maana hugeuka: "We may as well go" ni heri twende tu, kwani kubaki hakuna faida.

Sisi Waislamu jambo hili lisitushangaze. Tumefunzwa chuoni tangu utotoni kwamba hukumu zina daraja: faradhi, sunna, mubaha, makuruhu na haramu. Kiingereza nacho kina daraja zake. "Must" ni lazima, "should" ni yapasa, "may" ni ruhusa au huenda. Kisha huja kielezi, kikaipandisha daraja au kuishusha.

Hata mahali kinapokaa kielezi pana uzito wake. Daktari akisema, "You really shouldn't eat salt," amekukanya kwa mkazo. Akisema, "You shouldn't really eat salt," amekunasihi kwa upole, wala hajakuruhusu. Vivyo hivyo neno "possibly": "Could you possibly wait?" ni ombi la adabu, lakini "I can't possibly wait" ni kukataa katakata. Neno ni lile lile. Kwa mmoja limelainisha, kwa mwingine limefunga mlango.

Basi, akina mama na mabinti zetu, barua za shule, za hospitali na vikaratasi vya dawa tusivisome neno moja moja kama shanga zilizokatika uzi. Tunapomwita mtoto atusomee, tusimuulize, "Neno hili ni nini?" Tumuulize, "Maneno haya yakikaa pamoja yasemaje?" Na yakitutatiza, tusione haya kumwomba daktari au mwalimu atueleze kwa Kiswahili. Kuuliza si aibu. Aibu ni kuiweka kabatini barua tusiyoifahamu, na afya ya mtu imo ndani yake.

Jirani yetu, alhamdulillahi, amekwisha kupasuliwa na yu salama. Barua zake sasa husomwa siku ile ile zifikapo, yeye na bintiye wameketi pamoja.

Wabillahi tawfiq.