JINA SI JIBU

Mpenzi msomaji, ukisonga mbali na jiko, joto huzidi au hupungua? Najua utanicheka. Lakini Jua halifuati desturi hiyo! Uso wake una joto la digrii 5,500 hivi za Selsiasi, ilhali taji lake, yaani ile hewa nyembamba inayoonekana ikiling'aria pembeni linapopatwa kabisa, lina digrii zaidi ya milioni moja. Ajabu ya Musa!

Nakiri kwamba siku moja mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliniuliza sababu. Nikamjibu kifua mbele, "Ni mawimbi." Akauliza, "Yanapashaje joto?" Wallahi, nilibaki kinywa wazi. Nilikuwa na jina tu, jibu sina.

Kosa hili si geni. Mwaka wa 1869, Jua lilipopatwa kule Marekani, Charles Young na William Harkness waliona katika mwanga wa taji mstari wa kijani usiolingana na elementi yoyote iliyojulikana. Basi ikadhaniwa ni elementi mpya, ikabandikwa jina "koroniamu". Ilipita miaka 70 hivi ndipo Walter Grotrian wa Ujerumani na Bengt Edlén wa Uswidi walipoonyesha kwamba kumbe ni chuma, chuma hiki hiki cha majembe yetu, ila kimepoteza elektroni 13 kwa joto kali. Koroniamu haikuwapo kamwe!

Je, mawimbi nayo ni koroniamu nyingine? La hasha! Hannes Alfvén wa Uswidi aliyatabiri mwaka wa 1942: mistari ya sumaku hutikisika kama uzi wa gitaa. Ioni, yaani atomu zilizopoteza elektroni, huizunguka mistari hiyo, kila aina kwa mwendo wake. Wimbi lenye mwendo uo huo huzisukuma kama mtoto asukumwavyo kwenye bembea, hadi zikashika kasi ya ajabu. Hapo nyingine hutujia na nyingine hutukimbia, na mstari wa mwanga wake ukapanuka.

Chombo cha SOHO, kilichorushwa mwaka wa 1995, kilikuta mistari ya ioni za oksijeni juu ya ncha za Jua ikiwa mipana mno. Zilikuwa na joto la digrii zaidi ya milioni 100, kushinda haidrojeni iliyo papo hapo! Jiko la kawaida halibagui hivyo. Wimbi hubagua.

Hata hivyo, kesi haijakwisha. Wapo wanaoshikilia wazo la Eugene Parker kwamba ni milipuko midogo midogo ya sumaku, na huenda yote mawili yanashirikiana.

Kwa hivyo, wanachama wenzangu, maoni yangu ni haya: tusikariri majina kama kasuku ati kwa sababu yanatupa alama. Ukipewa jina, inua mkono uulize, "Kwa vipi?" Wahenga walinena, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Yule mdogo wangu wa kidato cha kwanza aliuliza, nami ndiye niliyejifunza.