Msafiri Asiye na Swali Hurudi Mikono Mitupu

IMEKUWA desturi katika miji midogo ya Kusini, na Tandahimba haikusalimika, kwamba kijana akibahatika kufika Marekani, iwe kwa masomo au kwa kumtembelea ndugu yake, hupokewa siku ya kurejea kwake kama nabii aliyeshuka mlimani. Wenzake humzunguka chini ya mkorosho, naye husimulia. Husimulia jengo la Empire State la New York lenye ghorofa 102. Husimulia mnara wa Chicago wenye ghorofa 110, treni zipitazo chini ya ardhi na taa zisizozimwa usiku kucha. Halafu huitupia jicho njia ya mchanga na vibanda vya soko, akatikisa kichwa na kusema: "Huku bado sana!"

Wasikilizaji hucheka. Kicheko hicho ndicho chenye sumu.

Yafaa ieleweke wazi kwamba hakuna anayemlaumu kijana kwa kusafiri. Wahenga waliusia watu watembee ili waone. Lakini kuona si kukodoa macho. Mtu aliyetazama jumba la ghorofa 102 bila kuuliza nani alilijenga, kwa jasho la nani na kwa mali iliyotoka wapi, hakuona kitu. Amepiga picha tu.

Lau angaliuliza, angalijibiwa. Angaliambiwa kwamba Wall Street, mtaa ambao leo ni makao makuu ya fedha za dunia, ndipo mahali palipotengwa na baraza la mji wa New York mwaka 1711 kuwa soko la kuuzia na kukodishia watumwa. Angaliambiwa pia kwamba jengo lile lililomtoa kijasho lilikamilika mwaka 1931, wakati mamilioni ya Wamarekani hawana kazi, na kwamba waliopanda juu kuunga vyuma vyake walikuwa wahamiaji maskini kutoka Ulaya na Wamohawk, wenyeji wa asili wa bara lile walionyang'anywa ardhi yao.

Wala asidhani mambo hayo hayakumgusa bibi yake. Mwaka 1833 Marekani ilitia sahihi mkataba wa biashara na Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Wafanyabiashara wa Salem wakaleta pwani yetu nguo ya pamba ambayo mpaka leo wazee huiita marekani. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa Kiafrika katika majimbo ya kusini ya nchi ile. Walipoondoka walichukua sandarusi na pembe za ndovu, na pembe zikaenda kuchongwa vibonye vya piano katika viwanda vya Connecticut. Nguo ilichakaa ikawa matambara. Viwanda vilibaki kwao. Basi anayeshangaa kwamba kule kuna majumba na huku kuna vibanda, na aanzie hesabu yake hapo.

Hesabu hiyo haijafungwa. Katika maduka ya miji hiyo hiyo huuzwa korosho zilizobanguliwa, kukaangwa na kutiwa chumvi. Mkulima wa Tandahimba hupalilia, hupulizia salfa, huokota na kupeleka mzigo ghalani. Lakini sehemu kubwa ya korosho za Tanzania huvuka bahari zikiwa ghafi, zikabanguliwe India na Vietnam, na ajira yake ibaki huko. Mwaka 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala waliikataa bei ya wanunuzi mnadani, hata Serikali ikalazimika kuingia kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Huo ndio unyonge wa mwenye kuuza ghafi: hupanda yeye, bei hupanga mwingine. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa Mtwara, Newala, Masasi na Mtama havikudumu. Vingi viliuzwa kwa watu binafsi, na baadhi vikageuzwa maghala. Waliovigeuza hivyo hawana haki ya kumcheka kijana anayeshangaa viwanda vya wenzake.

Jambo la pili ni maji. Uwanda wa Makonde ni mchanga unaomeza mvua. Chemchemi ziko chini bondeni, na vizazi vya akina mama vimeteremka na kupanda makorongo na ndoo kichwani. New York nayo haina maji ya kunywa ya kuitosha. Mito inayoizunguka ina chumvi. Kwa hiyo wakazi wake, kwa mamlaka yao ya umma na kwa kodi zao, walichimba njia za kuleta maji kutoka milima ya Catskill, safari ya zaidi ya kilomita 150. Hilo ndilo ajabu la mji ule! Halikuletwa na tajiri mmoja mwenye huruma. Lililetwa na umma ulioamua. Lakini msafiri hakulisimulia, kwa kuwa bomba lililofukiwa ardhini halipendezi katika picha.

Hakusimulia pia kwamba katika hesabu ya usiku mmoja, Januari 2024, watu zaidi ya 770,000 nchini Marekani walikutwa hawana makazi, wengine wakilala barabarani chini ya majumba yale yale. Katika kijiji cha Tandahimba mzee asiye na kitu bado hupewa mkeka.

Wapo watakaosema maneno haya ni wivu wa asiyefika. La hasha. Umaskini si sifa, na kujisifia mkeka hakuleti zahanati. Kinachokataliwa ni kasumba ya kudhani maendeleo ni mahali pa kuhamia, kumbe ni kazi ya kufanya.

Mwezi Machi 1955 kijana wa miaka 32, mwalimu wa Pugu, alifika New York kwa nauli iliyochangwa na wanachama wa TANU. Naye aliyaona maghorofa. Lakini Julius Nyerere alikuwa ametumwa. Alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akadai itamkwe kwamba Tanganyika itatawaliwa na Waafrika. Aliporudi aliacha kazi ya mshahara mwezi ule ule, akaanza kuzunguka vijijini.

Huyo ndiye msafiri. Kijana wa Tandahimba na aende New York, aende na Chicago. Lakini atumwe: akajifunze mashine ya kubangua, bomba la kupandisha maji mlimani, na hesabu ya mnunuzi wa korosho. Akirudi na hayo, wazee watamtandikia mkeka chini ya mkorosho na kumsikiliza hadi alfajiri. Akirudi na picha tu, na apewe jembe. Msimu wa palizi haungoji.