Anayerudia mtihani anahitaji Barnaba

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, makanisani kwetu hutolewa shukrani. Waliofaulu husimama mbele, wazazi hutoa sadaka, kwaya huimba. Ni vyema. Lakini Jumapili hiyo hiyo yupo kijana aliyepata sifuri, na ibadani hakuja. Anaona haya.

Mfikirie binti wa Mahongole, pale Makambako, aliyeamua kureseti, kama vijana wasemavyo. Baraza la Mitihani linamruhusu kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Namba yake itaanza na herufi P, si S ya wanafunzi wa shuleni. Herufi hiyo ina uzito: hana tena mwalimu wa kumfuatilia wala kengele ya kumwita darasani. Ajiandikishe mwenyewe, atafute ada, asome usiku akiwa ametoka shambani. Na mtihani wenyewe ni Novemba, mvua zinapoanza na kila mkono nyumbani unatakiwa kwenye kupanda mahindi.

Katika Matendo ya Mitume tunasoma habari za Yohana Marko, aliyeiacha safari ya kwanza ya Paulo njiani, akarudi Yerusalemu. Safari ya pili ilipopangwa, Paulo alimkataa. Barnaba akamchukua, akaenda naye Kipro. Baadaye sana, Paulo akiwa kifungoni, alimwandikia Timotheo amletee Marko huyo huyo, maana alimhitaji katika huduma.

Barnaba hakudai kwamba Marko hakushindwa. Alimpa safari nyingine, na akasafiri naye.

Hapo ndipo tunapokosea. Tunamwambia binti, "Mungu atakusaidia," kisha tunamkabidhi jembe. Wengine husema anapoteza muda, bora aolewe au ajifunze ufundi. Ufundi ni kazi njema, ila usiwe adhabu ya kufeli.

Mwalimu mstaafu uliye kanisani, saa mbili zako za Jumamosi zinaweza kumfundisha hesabu. Mzee wa kanisa, uliza kama ada imelipwa kabla ya usajili kufungwa. Mzazi, Novemba mpunguzie shamba wiki hizo chache.

Mkulima wa Njombe akikuta mbegu hazikuota, hauzi shamba. Hurudishia mapengo, naye huchunga yale mashina machanga hadi yashike. Je, mtoto wetu hastahili walau hayo?

Jumapili njema.