Betri Zetu Zifanye Kazi kwa Saa za Nani?



Sisi wa reli twajua jambo moja ambalo mabwana wa ofisini hulisahau upesi: ratiba iliyopigwa chapa si safari. Ratiba husema gari litaondoka Sagana saa fulani, lifike Karatina saa fulani. Kitabu cha gadi husema lililotokea: gari lilingoja kibali cha njia, injini ilikosa nguvu mlimani, ng'ombe walisimama relini. Mtu akitaka kujua njia hii yaweza kubeba magari mangapi, na asome kitabu cha gadi kwanza.

Twaanza na hayo kwa sababu ya neno tulilolisikia mjini Embu. Baadhi yetu tuliitwa kwenye baraza la kueleza mipango ya umeme ya miaka ijayo. (Reli haikufika Embu wala Meru, sisi tulio kwetu huko hupanda matatu kwenda kazini kwenye njia ya Nanyuki. Lakini stima imefika, na sola imefika zaidi.) Bwana mmoja wa hesabu alituonyesha michoro mizuri: saa za mchana, saa za jioni, umeme unaotakiwa, umeme utakaopatikana. Mwenzetu akauliza: Je, betri tulizofunga majumbani, nyuma ya mita, zimo katika hesabu hiyo? Akajibu kwamba zimo. Tukauliza tena: Zafanya kazi saa ngapi? Akasema mashine ya hesabu huziamuru zijae adhuhuri na zitoe umeme kati ya saa moja na saa tatu usiku, wakati nchi nzima imewasha taa na kupika.

Tukatazamana. Hapana hata mmoja kati yetu ambaye betri yake hufanya hivyo.

Yafaa tueleze zinavyofanya. Betri nyingi za hapa kwetu hutazama nyumba yake tu. Jua likizidi matumizi, zajaa. Matumizi yakizidi jua, zatoa. Siku ya jua kali mwezi wa Februari, betri ya yuniti 5 yaweza kujaa kabla ya saa sita, na umeme wa adhuhuri ukakosa pa kwenda. Jioni jua likishuka huanza kutoa hapo hapo, saa kumi na mbili, haingoji saa moja. Nyumba yenye televisheni, pasi na watoto wa shule huenda ikaimaliza kabla ya saa mbili. Kwa hiyo saa ile nchi inapoihitaji zaidi, haina kitu.

Tena kuna miezi ya Juni hadi Agosti. Kila aliyezaliwa chini ya Mlima Kenya aijua baridi ile, na ukungu unaokaa mpaka mchana. Siku hizo betri haijai. Mashine ya hesabu ikipewa amri moja ya mwaka mzima itaitoa betri umeme ambao haukuingia. Na mbaya zaidi ni hesabu ile inayojua kesho. Ndiyo, zipo hesabu ambazo mashine huambiwa mapema mawingu ya kesho na matumizi ya kesho, kisha hupanga betri vizuri kuliko mtu yeyote awezavyo. Fundi wa Chuka hajui kesho kama mvua itanyesha, wala betri yake haijui.

Si kwamba njia nyingine hazipo. Huko Golden, Colorado, nchini Marekani, maabara ya nishati ya serikali ilitengeneza programu iitwayo SAM ambayo ndani yake waweza kujaza jedwali la miezi 12 na saa 24, ukaamua betri ijae lini, itoe lini, na ishuke mpaka wapi. Basi jedwali lipo. Tunalouliza ni nani ameulizwa kabla halijajazwa.

Wengine watasema: betri ni vitu vidogo, tuna mabwawa. Sawa, tutazame mabwawa, maana yako mlangoni petu. Mto Tana umefungwa mara tano pale Mbeere na mpakani kwake: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Masinga, lililofunguliwa mwaka 1981, ndilo ghala la maji kwa yale ya chini yake. Maji yale ni betri kubwa. Lakini yana mkono mmoja wa kufungua, na anayefungua hujua kina cha maji kila asubuhi. Hata hivyo ukame ulipokuja, mwaka 2000 nchi iligawiwa umeme kwa zamu. Ikiwa ghala lenye mkono mmoja na kipimo kila siku lilitushinda, je, maghala elfu nyingi yenye mikono elfu nyingi, yatapangwaje na mtu asiyejua hata lini hujaa?

Na si vitu vidogo. Mitambo ya Masinga ni megawati 40. Nyumba 40,000 zikitoa kilowati 1 kila moja, hiyo ni Masinga nyingine kwa saa mbili tatu za usiku. Sasa chukua nusu ya nyumba hizo ambazo betri zake zilikwisha saa mbili kasorobo. Katika karatasi kuna megawati 20 ambazo hazipo duniani. Usiku huo lazima mtaa fulani uzimwe, nasi twajua kwa mazoea ni mitaa ya namna gani huzimwa kwanza.

Wajerumani waliliona jambo hili mapema. Mwaka 2013 benki yao ya serikali, KfW, ilipoanza kusaidia watu kununua betri za nyumbani, iliweka sharti: mwenye sola asirudishe kwenye nyaya zaidi ya asilimia 60 ya nguvu ya mabamba yake. Maana yake ni kwamba betri inayojaa asubuhi mapema na kuacha adhuhuri imwagike haimsaidii yeyote. Sharti lilimlazimisha mwenye betri aache nafasi ya jua la mchana. Lakini angalieni: sharti lilikuja pamoja na msaada wa fedha. Hawakumwamuru mtu bure.

Kwetu, Sheria ya Nishati ya 2019 ilimruhusu mwenye mtambo usiozidi kilowati 1,000 aingie mkataba wa kurudisha umeme. Na tangu Desemba 2017 wenye viwanda walipewa bei nafuu ya usiku, kuanzia saa nne, kwa yale waliyoyazidisha juu ya matumizi yao ya kawaida. Jambo zuri, maana usiku wa manane mvuke wa Olkaria umewahi kuachiliwa hewani kwa kukosa mnunuzi. Mita ya mfanyakazi ilipitwa na bei hiyo ilipoanza. Ikija kwetu, tutaipokea kwa furaha, lakini hapo nako pana mtego: betri zote zikiambiwa zianze kujaa saa nne kamili, tutakuwa tumeihamisha foleni ya saa moja tukaipeleka saa nne. Hakuna mkuu wa stesheni anayeachilia magari yote dakika moja.

Wako ndugu zetu wanaosema: betri ni mali yangu, nimeinunua kwa akiba yangu ya ushirika, haimhusu mtu mwingine. Twawaelewa. Mwenzetu mmoja wa Runyenjes ana kibanda cha maziwa. Fundi aliyemfungia betri aliipanga itoe mpaka tone la mwisho kila jioni ili apunguze tokeni. Juzi stima ilikatika saa tatu usiku, betri ilikuwa tupu, na asubuhi alimwaga lita 30. Watu wa huku hawakununua betri ili kuisaidia nchi. Walinunua kwa sababu ya giza. Hesabu yoyote isiyoacha akiba kwa ajili ya giza ni hesabu ya nchi nyingine.

Walakini hatukubaliani kwamba betri haimhusu mtu. Nyaya ni za wote, kama njia ilivyo ya wote. Tena betri ikipangwa vema hata mwenyewe hufaidika. Tunalolikataa ni kuhesabiwa kama tumekwisha kukubali. Betri nayo ni mfanyakazi: kila ikijazwa na kutolewa maisha yake hupungua, na ile ya asidi ikishushwa chini ya nusu kila siku haitaona miaka mingi. Ukitaka kazi ya ziada saa za usiku, kuna malipo ya kazi ya ziada, na kuna mapatano ya saa. Yuniti 5 zangu, 2 zibaki zangu za giza, 3 tuzungumzie bei. Na siku ya ukungu niwe na ruhusa ya kusema leo hapana.

Mpaka mapatano hayo yawepo, mabwana wa hesabu na waandike betri zetu kama zilivyo: zajaa mapema, zatoa mapema, na Julai ni nusu mtu.

Ili wasiseme hatuna ushahidi, Kamati ya tawi yaomba kila mwanachama mwenye betri aandike kwa siku saba, katika daftari lolote, saa ilipojaa, saa ilipoanza kutoa, saa ilipokwisha, na kama stima ilikatika. Aliye na zamu ya usiku amwachie mama watoto au kijana wa shule aandike. Madaftari yaletwe kwa Katibu kabla ya mkutano ujao wa tawi. Hicho ndicho kitabu chetu cha gadi, na baraza lijalo tutakwenda nacho mkononi.