Hakimu Hakumwachilia Mwizi

Simama kwenye steji yoyote ya Ruiru siku ambayo mshukiwa wa wizi amepewa dhamana, utasikia kauli ile ile: "Leo anashikwa, kesho yuko nje." Makanga anaisema, mama mboga anaisema, na hata wazee wa kanisa wanaisema. Hakimu amekula, basi. Imani hii ni potofu, na imekuwa kisingizio cha kuua watu.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa kila aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumzuia. Akionekana atatoroka au atatisha mashahidi, hakimu ana uwezo wa kumnyima. Kabla ya Katiba hiyo, aliyeshtakiwa kwa mauaji au wizi wa mabavu hakuwa na dhamana kabisa. Alikaa rumande miaka, na siku alipoonekana hana hatia hakuna aliyemrudishia miaka hiyo. Dhamana haifuti mashtaka. Mshtakiwa asipofika tarehe yake, hati ya kumkamata hutolewa na fedha alizoweka huenda serikalini.

Tena hasira yetu inampiga nani? Mwenye hati ya shamba au ya gari hutoka jioni hiyo hiyo. Anayebaki ndani ni kijana wa Kiandutu aliyewekewa shilingi elfu hamsini, na kwao elfu tano haijawahi kulala ndani ya nyumba. Tunaposhangilia masharti magumu, tunashangilia kufungwa kwa maskini kabla shahidi wa kwanza hajaapishwa.

Wengi hunijibu kwamba Marekani mambo hayako hivyo. Wanayasema hayo kwa sababu ya tamthilia za runinga ambamo muuaji hutiwa pingu ndani ya saa moja. Kalief Browder wa Bronx, New York, alikuwa na miaka 16 alipokamatwa mwaka 2010 akidaiwa kuiba mkoba. Dhamana ilikuwa dola 3,000, na familia yake haikuweza kuzilipa. Alikaa gereza la Rikers Island takriban miaka mitatu bila kesi yake kusikizwa, sehemu kubwa ya muda huo akiwa amefungiwa peke yake. Mwaka 2013 mashtaka yakaondolewa. Mwaka 2015 alijitoa uhai nyumbani kwao. Huko nako ubishi haujaisha: mwaka 2023 jimbo la Illinois lilifuta dhamana ya fedha kabisa, na wanasiasa bado wanatoleana macho juu ya jambo hilo.

Kwetu, imani hii huishia kwenye tairi na petroli. "Hata tukimpeleka polisi atatoka," mtu anasema, na mwingine anaokota jiwe. Agosti 2021, vijana wanne waliuawa na umati kule Kitengela wakidhaniwa wezi wa mifugo. Wawili kati yao walikuwa ndugu, watoto wa mama mmoja. Umati ukishamaliza kazi yake, hakuna rufaa.

Nikubali jambo moja: kesi nyingi za wizi hufa kweli. Lakini hazifi siku ya dhamana. Hufa kwa sababu faili la polisi halikuletwa, na kwa sababu sisi hatukufika. Mwendesha bodaboda akirudishiwa pikipiki yake, hataki tena kupoteza kazi ya siku nzima akingoja kuitwa, na kesi yenyewe huahirishwa mara kwa mara. Namwelewa. Ila kifungu cha 202 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kiko wazi: mlalamishi aliyejulishwa tarehe asipofika, hakimu humwachilia mshtakiwa huru, asipoona sababu ya kuahirisha. Halafu sisi tuliokaa nyumbani ndio tunaokuwa wa kwanza kudai kwamba hakimu amehongwa.

Basi wewe wa Makongeni, na wewe wa Kimbo, ukiibiwa piga ripoti, chukua nambari ya OB, ulizia tarehe ya kesi, kisha ufike mahakamani utoe ushahidi wako. Ikiahirishwa, rudi tena.